Ugonjwa Unaojificha

Gari linalogoma kuwaka leo na kukubali kesho humtia fundi majaribuni. Hapa Mukendo, Musoma, nimeona mafundi wa namna mbili. Wa kwanza hubadilisha betri, kisha stata, mradi alipwe. Wa pili husubiri ligome, ndipo apime: betri ya volti 12 ikishuka chini ya 9 stata inapopigwa, huenda imechoka, isiposhuka na stata ikanyamaza, hukagua swichi na nyaya.

Je, kubahatisha kwa fedha ya mwenzako ni wizi? Ukimwambia kwamba unabahatisha, akaridhia, si wizi. Ukinyamaza ni wizi, hata gari likiwaka. Kwani kuwaka si ushahidi: lilikuwa likiwaka hata kabla hujaligusa.