Mtoto wa Mtu

Daftari la mpwa wangu liko mapajani mwangu, hapa barazani Hombolo Bwawani, limefunguliwa kwenye ukurasa uliochafuliwa na kalamu nyekundu. Siku ya Karume ilipokaribia, wanafunzi wa kidato cha tatu waliambiwa waandike insha juu ya kifo cha Mzee Abeid Amani Karume. Huyu wangu akajaza kurasa mbili na nusu. Ameeleza vizuri tu kwamba Mzee alipigwa risasi jioni ya tarehe 7 Aprili 1972, akiwa anacheza bao na wenzake katika makao makuu ya Afro-Shirazi, Kisiwandui. Kisha, katikati ya ukurasa wa pili, kaweka sentensi moja fupi: "Luteni Humud naye alikuwa mtoto wa mtu." Mwalimu kaizungushia duara. Pembeni kaandika: "Unamtetea muuaji! Rudia." Alama: 0/20.

Nilikwenda kumwona huyo mwalimu. Simtaji jina wala shule yake, maana ni kijana mstaarabu na alinipa kiti. Akaniambia: "Mzee wangu, tukiwafundisha watoto kumwelewa muuaji, kesho si watasema alikuwa na haki?" Sikuwa na la kumjibu. Jibu lilinijia nikiwa nimeshafika bwawani, miguu imejaa vumbi, na hapakuwa na wa kuambiwa isipokuwa mbuzi. Haya ninayoandika ni lile jibu, na linazidi kurefuka. Niseme ukweli pia: habari za Humud mtoto huyu alizisikia kwangu. Ile sifuri, kwa sehemu, ni yangu.

Tuanze na maana ya maneno, tumalizane nayo. Muuaji wa kisiasa ni mtu anayemuua kiongozi kwa sababu za kisiasa. Kuelewa ni kujua kwa nini jambo limekuwa lilivyo. Kamusi zinatosha, tuendelee.

Habari zenyewe ni hizi. Mapinduzi ya Zanzibar yalifanyika tarehe 12 Januari 1964. Karume, baharia wa zamani, akawa Rais, na baada ya Muungano akawa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Tanzania. Aliwagawia wasio na ardhi eka tatu tatu, akafuta ada za shule na hospitali, akaanzisha majumba ya Michenzani. Chini ya utawala huohuo watu walikamatwa usiku na hawakurudi. Mwaka 1969 Kassim Hanga na Othman Shariff, waliokuwa viongozi wenyewe, walitolewa bara wakapelekwa Zanzibar, wakauawa. Mwaka 1970 wasichana wenye asili ya Uajemi waliozwa kwa nguvu. Humud Mohammed Humud alikuwa luteni katika jeshi la serikali hiyohiyo. Husimuliwa kwamba baba yake alikamatwa baada ya Mapinduzi akafia mikononi mwa wakubwa, na kwamba mwana aliiweka habari hiyo moyoni miaka yote aliyovaa sare. Kisiwandui hakwenda peke yake, na yeye mwenyewe alikufa palepale.

Sasa nije kwenye hoja ya mwalimu, maana ndiyo iliyoninyima usingizi. Kuna pingamizi nyingine zenye uzito zaidi. Moja ni kwamba moyo wa marehemu haufunguliki, na tunachoita nia yake huenda ni hadithi tu ya walio hai; hilo nalikubali. Nyingine ni kwamba aliyefiwa ana haki ya kutosikia jina la aliyemfisha. Hilo pia nalikubali, na mbele ya mjane ningenyamaza. Lakini hii ya kwamba kuelewa ni kutetea siikubali, hata nikiamshwa usiku wa manane.

Kwanza nilitaka kumjibu kwa habari ya ukoma. Sisi wa Hombolo tunaujua, kwa kuwa hapa pana kituo cha kuwatibu wagonjwa wake. Zamani watu waliuita laana, wakawatenga ndugu zao. Ilipojulikana kwamba ni vijidudu, na vijidudu vina dawa, hakuna aliyesema daktari anavitetea. Lakini nilipoirudia hoja hiyo kichwani niliona mwalimu angenipata mara moja: "Mzee, kijidudu hakina nia. Humud alikuwa nayo." Kweli. Kijidudu hakikupanga wala hakikuchagua siku.

Basi tuishike hiyo nia. Kijidudu hatukilaumu kwa sababu hakina nia. Mtu tunamlaumu kwa kuwa anayo. Ikiwa lawama inasimama juu ya nia, mtu anayekataa kuijua nia ya muuaji anamlaumu kwa lipi? Simba akiua mtu tunasema ni bahati mbaya, tunakwenda kuzika. Mwalimu, kwa kuniambia nisiulize kwa nini, anamgeuza Humud kuwa simba. Akishakuwa simba, hana hatia. Anayemtetea muuaji hapo ni nani, mwanafunzi au mwenye kalamu nyekundu?

Naona mtasema hayo ni maneno ya barazani. Basi twende mahakamani, na si mbali. Ukishika barabara ya Dodoma kwenda Iringa, ukavuka Mtera, unafika Isimani. Huko, tarehe 25 Desemba 1971, mkulima mmoja wa mahindi aitwaye Said Mwamwindi alimpiga risasi Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Kleruu, aliyekuwa mstari wa mbele kusukuma vijiji vya ujamaa. Baada ya hapo Mwamwindi aliupakia mwili katika gari la mkuu huyohuyo, akaliendesha mwenyewe hadi kituo cha polisi mjini Iringa, akajisalimisha.

Tukio hili nimelifikiria miaka mingi. Mtu ametoka kuua, mkono bado una joto la bunduki, na anapanda gari la serikali lenye maiti ya serikali, anabadilisha gia, anakata kona, anaipeleka kesi yake mwenyewe. Anayekimbia haendeshi kuelekea kituo cha polisi. Lakini pia sijui kama ndivyo anavyoendesha shujaa. Nadhani hivyo huendesha mtu anayeona kuna jambo linalopaswa kusikilizwa na mtu fulani.

Na alisikilizwa. Mahakama Kuu ilikaa Iringa mwaka 1972 ikauliza hasa lile swali ambalo mwalimu amelikataza: kwa nini? Je, mtu huyu alichokozwa? Alitukanwa? Akili yake ilikuwa wapi dakika ile? Sheria yenyewe inadai hivyo, kwa sababu kuua kwa kukusudia na kuua kwa kughadhibishwa ni makosa mawili tofauti. Jaji alisikiliza, akapima, akamhukumu kifo. Mwamwindi akanyongwa. Leo mjini Iringa kuna chuo cha ualimu chenye jina la Kleruu. Sasa mwalimu aniambie: mahakama ile, kwa kutaka kuelewa, ilimtetea Mwamwindi? Ilimwelewa mpaka kitanzini.

Mwalimu angeweza kunirukia hapa: "Jaji ni jaji, mtoto wa kidato cha tatu si jaji." Hoja hii ndiyo inayonichoma zaidi, maana inasema kuelewa ni kazi ya wakubwa, na mdogo kazi yake ni kulaani. Lakini nani aliyetufasiria Juliasi Kaizari? Ni Mwalimu Nyerere, akiwa rais wa nchi. Tafsiri ya kwanza ilitoka 1963. Aliirekebisha, ikatoka tena 1969. Ni tamthilia ambayo ndani yake Brutus, mtu anayeheshimika, anamchoma kisu rafiki yake kwa kuamini anaiokoa jamhuri. Rais aliona vema Waswahili waingie kichwani mwa muuaji wa kisiasa, wasikie anavyojishawishi usiku. Miaka mitatu baada ya tafsiri ya pili, Makamu wake akauawa. Sijawahi kusikia mtu akisema Nyerere alimtetea Brutus. Ila mpwa wangu, kwa maneno saba, kapata sifuri.

Na kutouliza kuna mtu kunamfaa. Kenya, tarehe 5 Julai 1969, Tom Mboya aliuawa mchana mjini Nairobi. Nahashon Isaac Njenga Njoroge akakamatwa, akahukumiwa, akanyongwa mwaka uleule. Inakumbukwa hadi leo kwamba alihoji kwa nini anaandamwa yeye na si yule "mkubwa". Mkubwa gani? Kamba ilikaza kabla swali halijapata jibu. Zanzibar nako, katika kesi ya kifo cha Karume, walishtakiwa watu zaidi ya 80 bila mawakili wa kuwatetea. Mwaka 1974 watu 34 wakahukumiwa kifo, akiwemo Abdulrahman Babu ambaye hakuwepo mahakamani kwa sababu alikuwa kizuizini bara, na alikuja kuachiwa 1978. Swali la nani liliulizwa mno. Lile la kwa nini lilimalizwa kwa neno moja, uhaini, na likafungwa.

Ninapofika hapa huwa napotea kidogo, na mke wangu hunicheka, kwa kuwa naishia palepale kila siku: kwenye neno lenyewe, kuelewa. Nimesema kamusi zinatosha; nilidanganya. Sikilizeni. Kitu kinaelea juu ya maji. Na jambo pia linaelea: Waswahili husema "limenielea", yaani limekuwa wazi kwangu. Halafu "nimeelewa", na hiyo "w" ni ya kutendwa, kama katika nimepigwa, nimeitwa, nimefiwa. Wataalamu wa isimu wanisahihishe wakitaka, lakini mimi nasikia hivi: anayeelewa hatendi, anatendwa. Jambo lilikuwa chini ya maji, likapanda lenyewe, likamwelea.

Bwawa letu hili lilijengwa enzi za mkoloni, na ukikaa kando yake baada ya mvua utaona vinavyopanda: magogo, kandambili, chupa, siku nyingine mzoga wa mbuzi. Mvuvi aliyeuona mzoga hakuuua. Hata kuutafuta hakuutafuta. Kazi yake ni kuamua tu kama atauvuta ukingoni au atageuza mtumbwi. Hivyo ndivyo alivyoelewa mpwa wangu. Hakwenda kumtafuta Humud ampende. Alikuwa anaandika, na baba wa Humud akamwelea.

Lakini nikiwa bado pale bwawani, jambo jingine linanielea ambalo silipendi. Wazee wa Athens waliwajengea sanamu Harmodius na Aristogeiton, waliomuua Hipparchus mwaka 514 kabla ya Kristo, wakawaita wakombozi. Aristotle alipoorodhesha mauaji ya watawala, hao aliwaweka kwenye kundi la waliosukumwa na tusi: dada wa mmoja wao alikuwa amefedheheshwa. Nani mkweli, mchonga sanamu au mwanafalsafa? Kwa Humud nako mabishano ni hayohayo. Wengine wanasema ni kisasi cha mwana. Wengine wanasema ni njama ya kuipindua serikali, na kisasi ni kitambaa cha kuifunika. Zamani nilidhani lazima nichague. Siku hizi naona kwamba baba akifia mikononi mwa dola, na hakuna ofisi ya kupeleka malalamiko wala kaburi la kuzuru, kisasi na siasa havina tena mpaka kati yao. Chozi la mwana linakuwa suala la taifa.

Nikishasema hivyo, nasikia sauti yangu imelegea. Nimeanza kumwonea huruma. Si ndicho alichoonya mwalimu? Nimebisha kurasa hizi zote kwamba kuelewa si kutetea, na mimi mwenyewe nimeteleza kutoka la kwanza hadi karibu na la pili bila kuona mahali nilipovuka.

Kinachonizuia ni bao. Nami hucheza, jioni, chini ya mkwaju, na mzee mmoja jirani ambaye hunifunga mara tatu kati ya nne. Mtu aliyeinamia bao hana ulinzi. Macho yako kwenye nyumba yake, vidole vinasia kete moja moja, kichwa kinahesabu shimo la mbele. Kete 64, mashimo 32, na dunia nzima imeishia hapo. Humud aliijua saa hiyo, wenzake nao waliijua. Hilo nalo ni la kuelewa, na halinipi huruma yoyote. Kila nikimkaribia Humud kwa upande wa baba yake, namkuta Karume ameinama, kete mkononi.

Jana usiku mpwa wangu alikuja na kifutio. "Mjomba, niifute?" Nikaisoma sentensi tena, na safari hii nikaona kitu ambacho mwalimu alikizungushia duara bila kukiona. Hakuandika kwamba Humud alikuwa mtoto wa mtu. Ameandika "naye". Naye, kama nani? Kuna mwingine kando yake katika sentensi ile, hajatajwa, ameinamia bao. Kwa herufi nne mtoto amewaweka muuaji na aliyeuawa kwenye mkeka mmoja.

Sijui kama ana haki ya kufanya hivyo. Sijui kama mjane angemruhusu, au yatima wa upande ule mwingine. Nimemwambia asifute, na asipeleke pia, mpaka Jumatatu. Leo ni Jumapili, jua limeshagusa maji, na daftari bado liko mapajani mwangu.