Asilimia Tisini

Juu ya mstari wa muda katika Adobe Premiere Pro kuna utepe mwembamba wa rangi, na vijana wengi wanaoanza kuhariri huusoma kama taa za barabarani: nyekundu hatari, njano tahadhari, kijani twende. Sivyo. Nyekundu inasema kipande hicho hakijarendwa, na huenda kompyuta ikashindwa kukicheza kwa kasi yake kamili. Njano nacho hakijarendwa, ila programu inakisia kitacheza bila kukwama. Kijani maana yake faili la kutazamia lipo tayari. Basi.

Hakuna rangi inayosema kama kazi ni sahihi. Chukua video ya msiba, hapa Babati. Jina la marehemu limekosewa herufi moja mwanzoni. Ukirenda, utepe unakuwa kijani tupu. Ukirekebisha herufi, kijani inatoweka pale pale, inarudi njano au nyekundu. Kwa dakika kadhaa kosa lina rangi nzuri kuliko ukweli.

Sasa mama mwenye msiba anapiga simu. Ndugu zake wanaondoka alfajiri kwa basi la Singida na wanataka flashi.

“Imefikia wapi, mwanangu?”

“Asilimia tisini, mama.”

Ni kweli, skrini inasema hivyo. Lakini asilimia hiyo ni ya kazi ya mashine. Video ya dakika 10, kwa fremu 25 kila sekunde, ina fremu 15,000, na fremu yenye maandishi na rangi zilizochezewa hula muda kuliko nyingine. Zaidi ya hapo, hakuna aliyekaa akaitazama video mwanzo hadi mwisho. Mama hawezi kuyajua hayo. Anawaambia ndugu wasubiri.

Je, amedanganywa? Mwaka 1794 Immanuel Kant, aliyekataza uongo wa kila aina, alimwahidi Mfalme Friedrich Wilhelm II wa Prussia, “kama raia mtiifu kabisa” wa mfalme huyo, kwamba hatazungumzia tena dini hadharani. Mfalme alipofariki mwaka 1797, Kant alijiona huru: maneno yalimfunga kwa mfalme yule tu. Binafsi namsamehe Kant, kwa sababu mfalme alikuwa amemtisha. Mama wa Babati hajamtisha mtu. Ameuliza swali moja, akajibiwa swali jingine, na anayejibu anajua hivyo.

Njano ndiyo rangi ninayoiheshimu, ingawa haipendwi. Inakiri kwamba inakisia. “Bado kidogo” yetu inafanana nayo, isipokuwa sisi huitamka kwa sauti ya kijani.

Kuna jibu jingine, nalo si refu: “Mama, mashine itamaliza kama saa nne usiku, ila bado sijakagua majina. Niandikie jina la marehemu kwa meseji, herufi kwa herufi.”