Jasho na Shahada

Katika mwaka 1963 James Bryant Conant, aliyekuwa Rais wa Chuo Kikuu cha Harvard kwa miaka 20, alitoa kitabu juu ya elimu ya walimu wa Marekani. Ndani yake alitamka, bila ya kumung'unya maneno, kwamba masomo ya uzamili katika elimu ya viungo hayakumridhisha, na lau uamuzi ungalikuwa wake angaliyafuta. Maneno hayo yaliwachoma wengi. Hata hivyo, swali lililokuwa chini yake halikuwa la kipuuzi. Kukimbia hata mtoto ajua. Kuruka hata mbuzi ajua. Chuo kikuu kina nini cha kumwongezea mtu aliyekwisha kupata shahada ya kwanza, hata akae miaka mingine miwili, alipe karo na kuandika tasnifu, ili atunukiwe cheo kwa jambo ambalo mbuzi hulitenda bila ya mwalimu?

Mwaka uliofuata Franklin Henry, mwalimu wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, aliandika makala ambayo wengi waliipokea kama jibu. Alidai kwamba mwendo wa mwili wa binadamu una elimu yake yenyewe, mbali na kazi ya kufundisha watoto michezo. Elimu ichotayo katika anatomia, fizikia, fiziolojia, saikolojia na historia, bila ya kumezwa na mojawapo. Hoja hiyo ilishinda, na leo shahada za uzamili katika sayansi ya mazoezi ni jambo la kawaida Marekani. Lakini ilikuwa na upungufu mmoja: iliitetea elimu, haikumtetea mwanafunzi. Somo laweza kuwa tukufu na mtu akaliendea kwa sababu hafifu.

Aghalabu mwenye kuitafuta shahada hiyo ni mtu aliyeupenda mchezo kwanza. Alikuwa mkimbiaji au mwogeleaji. Pengine goti lilimwangusha mapema, akaona heri abaki karibu na uwanja kwa njia ya vitabu. Mapenzi hayo si aibu. Ila huja pamoja na imani iliyokwisha kukomaa, kwamba mazoezi ni mema, na anachokitafuta chuoni ni mashahidi tu. Mtu wa namna hiyo yu katika hatari kubwa kuliko mvivu, maana mvivu hana la kutetea.

Tazama kazi ya Jeremy Morris. Mwaka 1953 yeye na wenzake walichapa habari za wafanyakazi wa usafiri wa London. Katika mabasi ya ghorofa, dereva alikaa kitini kutwa, na kondakta alipanda na kushuka ngazi akikata tiketi. Watu hao walifanya kazi katika gari moja na mji mmoja, ila makondakta walipatwa na maradhi ya moyo kidogo kuliko madereva. Mpenda mazoezi angalifunga daftari hapo na kushangilia. Morris na wenzake hawakulifunga. Walijiuliza: je, yamkini watu hawa walikuwa mbalimbali tangu awali? Wakaenda kukagua vipimo vya sare, na mwaka 1956 wakatangaza kwamba viuno vya suruali za madereva vilikuwa vipana kuliko vya makondakta. Kwa mikono yao wenyewe walilitilia shaka jibu lililowapa sifa. Ngazi hazikukanushwa, na uchunguzi mwingi uliofuata umezithibitisha. Lakini zilithibitishwa baada ya suruali kupimwa. Ikiwa miaka miwili ya uzamili yaweza kumfundisha mtu kuitafuta suruali inayoweza kumwaibisha, basi karo yake haikupotea. Mbuzi hafanyi hivyo, wala bingwa wa mbio hafanyi kwa kuwa bingwa.

Limebaki jambo gumu zaidi, nalo halimo katika hoja ya Conant wala ya Henry. Elimu hii hupatikana kwa jasho la mtu mwingine. Roger Bannister, katika utafiti wake Oxford kabla ya mbio zake za maili moja za mwaka 1954, aliwakimbiza watu juu ya mkanda wa mashine hadi wachoke kabisa, na yeye mwenyewe akawa mmoja wa waliokimbizwa. Si kila mwanafunzi hulipa deni lake hivyo. Kwa kawaida mwenye kupimwa ni kijana wa mwaka wa kwanza aliyeombwa kwa upole. Huvishwa kinyago mdomoni ili pumzi yake ipimwe. Mkanda huongezwa kasi au kuinuliwa kama mlima, na mtafiti hungojea pale ambapo oksijeni itumiwayo haizidi tena ingawa kazi yazidi. Hapo ndipo namba ya tasnifu ilipo.

Mwenye kinyago hawezi kusema. Amekwisha kuelezwa kwamba ana haki ya kusimama wakati wowote bila ya kutoa sababu, naye ameitia sahihi karatasi. Sasa anainua mkono. Mstari katika grafu haujalala bado. Labda ungelala baada ya nusu dakika. Mwanafunzi aweza kupaza sauti, "Kidogo tu! Jikaze!" kama walivyompigia kelele yeye alipokuwa mkimbiaji, na huenda kijana akajikaza. Aweza pia kubonyeza kitufe na kuupoteza mchana mzima wa kazi. Katika chumba kile hakuna msimamizi wala mtahini, na namba itakayoandikwa haitaonyesha ni lipi alilolichagua.