MWALIMU WA MPIRA AMEKUFA! JE, MTOTO WAKE AMKUMBUKEJE?



Karatasi hii umepewa bure mkutanoni. Usiitupe, wala usiifungie karanga. Isome mpaka mwisho, hata kama umetoka mbali, Vwawa, Mlowo, Tunduma au ng'ambo ya mpaka kule Nakonde. Leo sikuandikii habari za ulevi na uzinzi, hayo umeyasikia jukwaani. Leo nataka tuulizane swali moja gumu. Mtu ameokoka. Baba yake alikuwa mwalimu wa mpira wa miguu, wengine mnasema kocha. Baba amekufa. Sasa huyu mtoto amkumbukeje baba yake bila kumkosea Mungu, na bila kumkosea baba?

Usiseme ni swali dogo. Wapo waliorudi nyuma kwa ajili ya swali hili. Wapo waliokosana na ndugu zao mpaka leo.

SAUTI TATU KABURINI

Baba akishafukiwa, mtoto anasikia sauti tatu, na kila moja inamvuta kwake.

Sauti ya kwanza ni ya wazee wa ukoo. Wanasema, "Mtoto, baba yako ana kiu. Mwaga pombe hapa kaburini, mwite kwa jina, mwombe akulindie watoto wako na kahawa yako." Sauti ya pili ni ya baadhi yetu sisi tuliookoka. Tunasema, "Huyo alikuwa mtu wa dunia, Jumapili alishinda kiwanjani. Choma jezi zake, choma picha, usimtaje tena!" Sauti ya tatu ni ya vijana wa mpira. Wao wanasema, "Mwalimu hajafa, yuko na sisi!" Wanaapa kwa jina lake, na mechi ikiwa ngumu wanapita kwanza kaburini.

Ndugu yangu, hebu tuache kelele za watu. Neno la Mungu linasemaje?

KULIA SI DHAMBI

Kwanza kabisa, lia. Yesu mwenyewe alilia kwenye kaburi la Lazaro, na alijua kabisa kwamba baada ya dakika chache atamfufua (Yohana 11). Kama Bwana alilia, wewe ni nani ukaze macho eti kwa sababu umeokoka?

Halafu mtazame Daudi. Sauli alimwinda Daudi kama mnyama wa porini. Alimrushia mkuki, akamfukuza mapangoni. Lakini Sauli alipokufa vitani, Daudi hakupiga vigelegele. Aliomboleza, akatunga maombolezo, akasema yale mema ya Sauli yaliyokuwa kweli, kwamba alikuwa shujaa na kwamba aliwavika vizuri binti za Israeli (2 Samweli 1). Hakusema uongo kwamba Sauli alikuwa mtakatifu. Alitaja jema lililokuwepo. Sasa kama Daudi alifanya hivyo kwa mtu aliyetaka kumuua, wewe utamnyima baba yako neno jema kwa sababu ya mpira?

Na huo mpira wenyewe, hebu tuupime kwa haki. Paulo alimwandikia Timotheo kwamba mazoezi ya mwili yana faida kidogo (1 Timotheo 4:8). Kidogo siyo sifuri! Tena Paulo huyohuyo alichukua mifano yake kwa wakimbiaji na wapigana ngumi (1 Wakorintho 9), akasema mshindani hapewi taji asiposhindana kwa kufuata sheria (2 Timotheo 2:5). Mpira hauokoi mtu. Lakini mwalimu anayemtoa kijana kilabuni na kumfundisha kuamka mapema, kutii filimbi ya refa na kumpa mwenzake pasi, huyo amefanya kazi njema. Mungu anaiona.

MSIBA WA MAJIRANI ZETU

Sikiliza habari ya jirani zetu Wazambia. Usiku wa tarehe 27 Aprili 1993, ndege ya jeshi ilikuwa inaipeleka timu yao ya taifa Dakar, kucheza na Senegal mechi ya kutafuta nafasi ya Kombe la Dunia. Ilitua Libreville, Gabon, kuongeza mafuta. Ilipopaa tu ikaanguka baharini karibu na pwani. Walikuwemo watu 30, wakiwemo wachezaji 18. Hakupona hata mmoja.

Mwalimu wao aliitwa Godfrey Chitalu. Huyu alikuwa mfungaji hodari kuliko wote katika historia ya Zambia, na Chama cha Mpira cha Zambia kinasema mwaka 1972 peke yake alifunga mabao 107. Alikufa akiwa na miaka 45, pamoja na vijana aliokuwa akiwafundisha. Walizikwa Lusaka, karibu na Uwanja wa Uhuru.

Fikiri nyumba zile, ndugu yangu. Ni watoto wangapi walikwenda kulala wakijua baba yuko safarini, wakaamka hawana baba?

Lakini angalia walivyofanya waliobaki. Kalusha Bwalya hakuwemo kwenye ndege ile kwa sababu alikuwa anacheza Ulaya. Akaja kuwa nahodha wa timu mpya. Haukupita hata mwaka, Aprili 1994, timu ile ikafika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika kule Tunisia, ikafungwa na Nigeria 2-1. Miaka ikapita. Februari 2012 fainali ikachezwa Libreville, mji uleule! Wachezaji wa Zambia walikwenda kwanza pwani wakaweka maua kuwakumbuka waliokufa. Kisha wakaenda uwanjani, wakatoka 0-0 na Ivory Coast, wakashinda kwa penalti 8-7.

Usije ukaniambia mizimu ndiyo iliyopiga penalti zile. Maua hayafungi bao! Waliofunga ni vijana walio hai, kwa miguu yao, waliofanya mazoezi asubuhi na jioni. Waliwaheshimu marehemu kwa maua, halafu wakawaheshimu zaidi kwa kucheza vizuri. Hapo pana fundisho.

WATOTO WA YONADABU

Sasa fungua Yeremia sura ya 35. Sura hii ndiyo jibu la swali letu, na wengi hawaijui.

Palikuwa na mzee mmoja, Yonadabu mwana wa Rekabu. Aliwaagiza watoto wake wasinywe divai, wakae katika mahema. Akafa. Miaka mingi sana ikapita, zaidi ya mia mbili. Siku moja Mungu akamtuma nabii Yeremia awaite wazao wa mzee huyo ndani ya hekalu, awawekee vikombe na mabakuli ya divai, awaambie wanywe. Wakakataa! Wakasema baba yetu alitukataza, na sisi tunamtii.

Je, Mungu aliwakemea? Hapana. Aliwasifu! Akaahidi kwamba Yonadabu hatakosa kamwe mtu wa uzao wake wa kusimama mbele zake. Kisha akawageukia watu wa Yuda akawauliza, kama hawa wanalishika neno la baba aliyekwisha kufa, ninyi mbona hamnisikii mimi niliye hai?

Umeona, mpendwa? Watoto wale hawakumwaga kitu kaburini. Hawakumwomba Yonadabu mvua wala watoto. Walilichukua neno lake jema wakaliishi, na Mungu akalihesabu kuwa ni heshima. KUMKUMBUKA BABA NI KUISHI LILE JEMA ALILOKUFUNDISHA. Kumwomba baba aliyekufa ni jambo lingine kabisa. Maombi ni mali ya Mungu, na Mungu amekataza kutafuta habari kwa wafu (Kumbukumbu la Torati 18:11). Sauli alipokwenda kwa yule mwanamke wa Endori kumtafuta marehemu Samweli, kesho yake alikufa vitani.

Mimi ninayekuandikia ni mtoto wa mwalimu wa mpira. Baba alifundisha vijana hapa Mbozi Mission, bila mshahara. Mpira alinunua kwa fedha ya kahawa yake. Alikuwa na amri tatu tu. Usichelewe. Usimtukane refa. Na anayenywa pombe hachezi, hata awe hodari namna gani. Niliona akimkalisha benchi mfungaji wake bora siku ya fainali kwa sababu alinusa pombe kinywani mwake. Timu ikafungwa, watu wakamzomea, yeye akakunja mikono akanyamaza.

Alipokufa, baba yangu mkubwa alileta pombe akasema mimi kama kifungua mimba niimwage kaburini. Nikamwamkia kwa heshima, nikamwambia, "Baba mkubwa, mtu huyu maisha yake yote aliwakataza vijana pombe. Leo nimpe pombe akiwa hawezi kuikataa?" Watu wakanyamaza kimya. Halafu mhubiri mmoja akanivuta pembeni akaniambia nisitaje habari za mpira kwenye mazishi ya Kikristo. Naye nilimheshimu, lakini nilisimama nikazisema zile amri tatu mbele ya vijana wote, maana zilikuwa njema.

Usidhani mambo yalikwisha hapo. Baba mkubwa alikaa miaka miwili bila kuitikia salamu yangu. Nilimpelekea kuni na sukari, akapokea bila kusema neno. Kumtii Mungu kuna gharama, nisikudanganye. Lakini ulipe gharama hiyo kwa upole. Usimtukane mzee wako, maana yule unayebishana naye kaburini ni ndugu wa damu wa huyo unayemlilia.

CHAMBUA URITHI WAKO

Baba wa mpira huacha vitu. Chambua kama unavyochambua kahawa, nzuri huku na mbovu huku. Filimbi yake, picha za timu, daftari la majina ya vijana, weka, uwaonyeshe watoto wako. Yoshua aliagiza mawe 12 yatolewe Yordani ili watoto wakiuliza, wazazi wawaeleze (Yoshua 4). Jiwe peke yake halisemi. Hata kimondo chetu kule Ndolezi, chuma kizito kilichotoka angani, hakimfundishi mtoto adabu. Ni wewe wa kufungua kinywa na kusimulia.

Lakini ukikuta hirizi ndani ya sanduku la baba, au dawa ya kuzika golini aliyopewa na hao wanaoitwa kamati ya ufundi, hiyo usiseme ni kumbukumbu. CHOMA! Waefeso walichoma vitabu vyao vya uchawi hadharani (Matendo 19:19). Ukimchomea baba hirizi yake hujamdharau. Umemwondolea aibu.

BABA YUKO WAPI SASA?

Najua swali hili linakukosesha usingizi. "Mtumishi, baba yangu sikuwahi kumwona akitubu. Je, amepotea?"

Ndugu yangu, mimi sina daftari la mbinguni, na mhubiri akikusomea majina ya walioko motoni mwambie alilete hilo daftari tulione. Yule mwizi msalabani alitubu dakika za mwisho kabisa, na Yesu akampokea (Luka 23). Nani alijua usiku wa mwisho baba yako alisema nini na Mungu wake? Ibrahimu aliamini kwamba Hakimu wa dunia yote hatendi isivyo haki (Mwanzo 18:25). Mwachie Hakimu kazi yake. Sikupi tumaini la uongo, kwamba kila mtu ameokoka. Nakwambia tu kwamba hukumu haiko mikononi mwako wala mwangu.

Ila kuna mechi moja ambayo bado inachezwa, nayo ni YA KWAKO. Filimbi ya mwisho ya baba imekwisha kulia. Ya kwako bado. Mwalimu hata awe bora namna gani, hakai uwanjani. Anasimama nje ya mstari na kupaza sauti, lakini kupiga mpira ni kazi ya mchezaji. Baba hawezi kuokoka kwa niaba yako. Wokovu haurithiwi kama jezi. Mungu hana wajukuu, ana watoto tu!

Na wewe unayesema huna baba tena, sikiliza. Yuko Baba asiyekufa. Baba yako wa duniani alikufundisha kidogo kwa siku chache. Huyu anakuita leo, hapa mkutanoni, kupitia Mwanawe Yesu. Kama ulimtii mtu aliyekunyima namba kwa sababu ya kikombe kimoja cha pombe, utashindwaje kumtii yeye aliyetoa uhai wake kwa ajili yako?

Kama uko tayari, piga magoti hapo ulipo useme:

"Bwana Yesu, mimi ni mwenye dhambi. Nakushukuru kwa baba uliyenipa, na kwa kila jema alilonifundisha. Sitamwomba yeye tena, nakuomba wewe. Nisamehe, nioshe kwa damu yako, andika jina langu katika kitabu cha uzima. Niwe mtoto wako kuanzia leo. Amina."

Kama umesali sala hii kwa moyo, tafuta kanisa linalohubiri wokovu karibu na kwako. Halafu rudi nyumbani, umwamkie baba yako mkubwa, na jioni uwakusanye watoto uwasimulie habari za babu yao.

Mungu akubariki.