Kutu na Siki Vinakusubiri

Wewe mwanafunzi wa Sumbawanga, umesema shuleni kwenu hakuna maabara. Mwaka jana ulisema hivyohivyo.

Utasema mpaka lini?

Wahunzi wa Ufipa walikuwa na maabara gani? Udongo, mkaa, mawe mekundu yenye chuma. Basi. Wakasimamisha malungu, matanuri ya mita 3 hivi, wakaacha matundu chini upepo ujiingilie wenyewe, bila mivukuto. Kilichotoka wakakisafisha tena kwenye tanuri dogo, safari hii kwa mivukuto. Mabaki ya kazi yao yapo Nkasi, na Profesa Bertram Mapunda ameyachunguza.

Walikuwa wanakinyang'anya chuma oksijeni yake. Nani aliwafundisha fomula?

Wewe iache oksijeni.

Chukua misumari yenye kutu, tia kwenye chupa ya kioo, mimina siki. Mfuniko uulegeze, maana haidrojeni inatoka, na usionje! Hewa ikiingia, siku kadhaa baadaye maji yanageuka mekundu ya hudhurungi. Asetati iliyomo kwenye siki imeshikana na chuma. Wanakemia wakipata fuwele za jamii hii hukuta kishada cha ajabu: atomi 3 za chuma zimezunguka oksijeni 1, na asetati 6 zimezifunga, mbili kwa kila jozi ya chuma.

Umekichora kishada hicho? Hata mara moja?

Weka zinki mahali pa chuma: atomi 4, oksijeni 1 katikati, asetati 6 kandoni. Sasa toa asetati, weka ndugu yake, karboksilati yenye mikono miwili. Kila mkono unashika kishada chake, na vishada vinaungana kuwa fuwele yenye vyumba vitupu ndani, vya kuhifadhia gesi. Mwaka 1999 Omar Yaghi na wenzake walitangaza fuwele ya namna hiyo. Mwaka 2025 akapata Tuzo ya Nobel ya Kemia pamoja na Susumu Kitagawa na Richard Robson.

Yaghi alikulia Amman, katika familia ya wakimbizi, nyumba haina umeme.

Na wewe, kisingizio chako ni kipi tena?

Akili unayo. Imelala! Iamshe leo, si muhula ujao. Umeme ukikatika, chora kwa mwanga wa kibatari. Misumari ya kutu imejaa uani kwenu. Duka la siki bado liko wazi.

Mbona umekaa?