Mgeni Njoo, Apone Mwenyeji Yupi?

Katika nyua za mashamba mengi ya kale yaliyo kando ya miji ya Stellenbosch, Paarl na Franschhoek, katika jimbo la Western Cape nchini Afrika Kusini, husimama nguzo mbili nene zilizopakwa chokaa na kuunganishwa juu kwa tao, na chini ya tao hilo huning'inia kengele. Wageni wanaolala mashambani humo hupigia picha hapo, maharusi husimama chini yake wakishikana mikono, na katika kitabu cha wageni, yaani lile daftari ambalo anayeaga huombwa aandike neno la shukrani, kengele hutajwa kwa mkupuo mmoja na mito laini, milima yenye ukungu na mayai yaliyokaangwa vizuri. Kwa Kiafrikana huitwa slaweklok, maana yake kengele ya watumwa, kwa kuwa ndiyo iliyowaamsha watumwa alfajiri, ikawapeleka kwenye mizabibu na kuwarudisha jioni. Kinachokera ni wepesi ambao chombo hicho kimegeuzwa pambo, hata mtu akaweza kulala hatua chache tu kutoka kilipo, akala, akanywa, akashukuru na kuondoka siku ya tatu bila kuambiwa, wala kuuliza, kilikuwa kikimwita nani.

Nyumba zinazozungumziwa ni zile ndogo zinazotoa malazi na kifungua kinywa, na tofauti yake na hoteli ni kwamba vyumba ni vichache, mlo wa asubuhi umo ndani ya bei ya chumba, na kwa desturi mwenye nyumba huishi papo hapo, akawapokea wageni mlangoni na pengine kuketi nao mezani. Mwaka 1971 wakulima wa Stellenbosch walianzisha njia ya mvinyo, yaani mpango wa mashamba kufungua milango ili mgeni auonje mvinyo pale pale unapotengenezwa, na aliyeonja mashamba matatu mchana mmoja huhitaji mahali pa kulaza kichwa. Bidhaa inayouzwa katika nyumba kama hizo ni uenyeji wenyewe, kwa sababu kitanda na yai hupatikana popote, ilhali kupokelewa kama mtu wa nyumbani hakupatikani hotelini. Kwa maneno mengine, mgeni hulipa ili kwa siku mbili tatu asijione mteja.

Jambo hili halipo mbali na msomaji wa Kiswahili kama linavyoweza kudhaniwa, kwani tangu Januari 1, 2023 Mkenya mwenye pasipoti ya kawaida huingia Afrika Kusini bila viza kwa muda wa hadi siku 90 kwa mwaka, na Cape Town imekuwa mji wa mikutano, wa masomo na wa fungate. Msafiri huyo hubeba methali inayofaa kupimwa huko aendako: mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika nyumba iliyoizaa methali hiyo hakuna utata juu ya nani atapona, maana kuku akichinjwa kwa ajili ya mgeni, paja litakwenda kwa mgeni, lakini mchuzi utafika hadi kwa mtoto aliyekuwa akilia jikoni. Katika nyumba ya mizabibu swali hujitokeza, kwa sababu anayempa mgeni mkono si yule aliyeamka gizani kupika, na aliyepika hakai kwenye nyumba ile. Huenda anatoka katika vijumba vya wafanyakazi nyuma ya shamba, au huenda anatoka Kayamandi, mtaa wa Waafrika uliojengwa pembezoni mwa Stellenbosch wakati wa ubaguzi, ambao jina lake kwa Kixhosa lina maana ya nyumba tamu.

Meza ya asubuhi yenyewe husema mengi kwa anayesikiliza. Kisahani kilichowekwa chini ya kikombe huitwa piering na ndizi iliyo kwenye bakuli huitwa piesang, na maneno yote mawili yalitoka katika Kimalei, lugha ya bandari za Bahari ya Hindi, yakaletwa na watu waliovuka bahari hiyo bila hiari yao. Mgeni aliyejifunza maneno mawili ya Kiafrikana ili amfurahishe mwenye nyumba atasema baie dankie, yaani asante sana, na hilo neno baie, ambalo lina maana ya -ingi au sana, hutokana na banyak ya Kimalei. Akibaki hadi mlo wa mchana ataletewa atjar, ambayo mtu wa Mombasa au Unguja ataitambua kabla hajaitia mdomoni, kwa kuwa ni achari ile ile aliyolelewa nayo. Hivyo shukrani anayoitoa mgeni huyo, pamoja na kisahani kilicho mbele yake, ni amana za watumwa, ingawa zimewekwa mezani bila jina la aliyeziacha.

Historia ya watu hao si ya kubahatisha. Kampuni ya Kiholanzi ya India Mashariki, shirika la biashara lililokuwa na majeshi na makoloni yake, ilituma watu wake Cape mwaka 1652, meli za kwanza zilizosheheni watumwa zikafika mwaka 1658, na mvinyo wa kwanza ukakamuliwa Februari 2, 1659, kiasi kwamba mizabibu na utumwa vilikua pamoja katika udongo ule. Kufikia mwaka 1808, Waingereza walipositisha biashara ya watumwa ya baharini, watu wapatao 63,000 walikuwa wameingizwa kutoka India, visiwa vya Indonesia, Madagaska na bara la Afrika. Kati ya mwaka 1776 na 1778 meli za kampuni hiyo zilifika hadi pwani ya Waswahili, Zanzibar ikiwemo, kutafuta watu wa kununua, na shajara mbili za safari hizo zimesalia hadi leo. Waliotoka Msumbiji walipewa jina la Masbieker, wengine wakapewa majina ya miezi, na ndiyo maana hadi sasa kuna koo za Cape zinazoitwa September, February na April, kana kwamba babu yao alizaliwa na kalenda.

Linganisha hayo na anayoyasikia mgeni. Huko Franschhoek, jina ambalo maana yake ni kona ya Wafaransa, ataelezwa habari za Wahugenoti, yaani Waprotestanti wa Ufaransa waliokimbia mateso ya kidini na kuanza kupewa mashamba hapo mwaka 1688, naye ataonyeshwa mnara mkubwa uliojengwa kwa heshima yao. Wakimbizi hao walistahili kukumbukwa, maana walipoteza kwao na wakaanza upya ugenini; ila idadi yao haikufika hata mia tatu. Watu wasiofika mia tatu wana mnara, na watu 63,000 wana kengele ambayo kazi yake ya sasa ni kupamba picha za harusi.

Wala si kweli kwamba waliosahauliwa hawakuacha alama. Huko Vergelegen, shamba lililoanzishwa na gavana Willem Adriaan van der Stel mwaka 1700, wanaakiolojia walipochimbua magofu ya jengo walimolala watumwa waliukuta chini ya sakafu mwili wa mwanamke aliyezikwa ndani ya jeneza. Vipimo vya mifupa na meno, ambavyo huweza kuonyesha mtu alikula nini alipokuwa mtoto na alikula nini alipokuwa mtu mzima, vilibainisha kwamba alikulia mbali, katika nchi za joto, ndipo akaletwa Cape. Jina lake halijulikani. Hata hivyo kuna mtu aliyemtafutia mbao, akamtengenezea jeneza na kumlaza chini ya sakafu waliyoikanyaga wenzake kila siku, na kitendo hicho kimoja kinaeleza habari za uenyeji na mapenzi ya watu kuliko kurasa nyingi za kitabu cha wageni.

Huenda mpinzani akakubali yote hayo kisha akasema kwamba utumwa uliisha kisheria Desemba 1, 1834, na watumwa wakaachiwa kikamilifu mwaka 1838 baada ya miaka minne ya kile kilichoitwa uanagenzi, kwa hiyo kinachozungumzwa ni cha kale mno kumharibia mtu kahawa yake. Jibu ni kwamba kengele ilinyamaza, lakini shamba halikunyamaza. Kwa vizazi kadhaa wafanyakazi walilipwa sehemu ya ujira wao kwa vikombe vya mvinyo vilivyogawiwa mara kadhaa kwa siku, utaratibu ulioitwa dop, ambao sheria iliupiga marufuku katika miaka ya 1960 nao ukaendelea kichinichini katika baadhi ya mashamba hadi miaka ya 1990. Miongoni mwa matunda yake ni kwamba Western Cape ina viwango vilivyo kati ya vya juu kabisa duniani vya watoto wanaozaliwa na ulemavu uliosababishwa na pombe tumboni mwa mama. Mwezi Novemba 2012 wafanyakazi wa mashamba ya zabibu wa De Doorns waligoma, mgomo ukaenea jimboni, na serikali ikapandisha kima cha chini cha mshahara kutoka randi 69 hadi randi 105 kwa siku kuanzia Machi 2013, fedha ambayo haikutosha kununua chupa moja ya mvinyo wa daraja la juu uliotokana na jasho hilo hilo.

Mpinzani wa pili ni mpole zaidi na ndiye mgumu kumjibu. Yeye husema kwamba mgeni amelipa ili apumzike, kwamba mwenye nyumba wa leo pengine alinunua shamba miaka ishirini iliyopita kwa mkopo wa benki na hakumfunga mtu minyororo, na kwamba utalii unawapa ajira wale wale wanaotetewa. Hoja hizo tatu zina uzito, na ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, kwani mtu aliyelipwa mshahara wa kutandika vitanda hasaidiwi na wageni wanaosusa. Lakini anayeuza uenyeji wa nyumba yenye umri wa miaka mia tatu anauza pia miaka hiyo mia tatu. Ndiyo inayopandisha bei ya chumba, na ndiyo sababu ya paa la nyasi na kuta nyeupe kutunzwa kwa gharama kubwa. Aliyekubali faida ya ukale hana budi kubeba na habari zake, kwa kuwa urithi haugawanywi kwa kuchagua vyombo vizuri na kuacha madeni. Kwamba wageni watakimbia wakiambiwa ukweli ni hofu isiyo na msingi, kwani shamba la Solms-Delta, katika bonde la Franschhoek, lilifungua makumbusho papo hapo shambani, likaandika majina ya watumwa wake kwenye vibao, na wageni wakaendelea kuja kuonja.

Mzigo huo haumwelemei mwenye nyumba peke yake. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na wengi huichukulia methali hiyo kuwa namna ya adabu ya kumfukuza mtu. Yaweza kusomwa kwa wema zaidi, kwamba siku ya tatu mgeni amekuwa mmoja wa nyumba, na aliye mmoja wa nyumba hupewa sehemu ya kazi yake, kwa maana jembe halipewi mtu baki. Mgeni anayelipa hujiona amelinunua jembe hilo akalitundika ukutani, ilhali kazi anayodaiwa ni nyepesi mno: aulize kengele ilimwita nani, aulize jina la aliyepika na ajue anarudi wapi jioni, kisha ayaandike hayo kwenye kitabu cha wageni badala ya sifa za mito.

Msomaji wa pwani asikimbilie kunyoosha kidole, maana nyani haoni kundule. Utumwa ulipigwa marufuku Zanzibar mwaka 1897, baada ya miongo mingi ya mikarafuu ya Unguja na Pemba kupandwa na kuchumwa na watumwa, na leo nyumba za matajiri wa enzi hizo, kule Mji Mkongwe, zimekuwa nyumba za wageni zenye milango ya nakshi, na mgeni hupelekwa shambani akanusishwa karafuu kama anavyoonjeshwa mvinyo mwenzake wa Stellenbosch. Huelezwa kwamba nakshi ya mlango ilionyesha cheo cha mwenye nyumba, na mara nyingi maelezo huishia hapo, bila neno juu ya aliyekuwa akiufungua mlango huo kila asubuhi. Mwenyeji anayepaswa kupona, kule na huku, ni yule asiyesimama mlangoni kupokea salamu, na hawezi kupona kwa fedha ya mgeni ikiwa mgeni ameondoka bila kujua kwamba yupo.