Neno la Mungu na Mawazo ya Mtu



Mwezi huu twapenda kuwaza pamoja nanyi juu ya swali liulizwalo mara kwa mara katika mafundisho ya kipaimara na katika mabaraza ya wazee: Mawazo ya mtu yana nafasi gani mbele ya Maandiko Matakatifu? Wengi hujibu upesi: Hayana nafasi; Maandiko yatosha. Jibu hilo ni la kweli, lakini halitufikishi mbali. Maana mtu akisema waziwazi, Mimi nalikataa Neno la Mungu, sote twamtambua, wala kundi halimfuati. Hatari iliyo kubwa zaidi ni mawazo ya mtu yajayo yameshika aya mkononi. Hata Ibilisi, alipomjaribu Bwana wetu nyikani, alikuja na andiko la Zaburi; naye Bwana hakuyaacha Maandiko, bali alimjibu kwa Maandiko mengine (Mt. 4). Basi haitoshi kuuliza, Je, mtu huyu ana aya? Yatupasa kuuliza, Je, aya hiyo yamtawala yeye, au yeye ndiye aitawalaye?

Tutatoa mfano mmoja wa karibu, ili jambo hili lisiwe maneno matupu.

Wengi wetu twaikumbuka Lukole, katika wilaya ya Ngara, karibu na mpaka wa Burundi na Rwanda. Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, na baada yake damu nyingi ikamwagika, ya Wahutu na ya Watutsi, hata watu maelfu kwa maelfu wakakimbilia kwetu. Mwisho wa mwezi wa Aprili 1994, kwa muda wa siku moja hivi, watu zaidi ya 150,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda, wakakaa Benaco. Wale wa Rwanda walirudishwa kwao mwezi wa Desemba 1996, bali Warundi walikaa Lukole miaka mingi. Kambi ile ilikuwa kama mji, yenye watu wapatao 100,000 wakati mmoja, hata ikafungwa kabla ya mwaka 2010.

Huenda msomaji atauliza: Habari hizi za vita zahusianaje na swali letu? Zahusiana sana. Chuki iliyowafukuza watu hao katika nchi zao ilikuwa na mizizi mingi: tamaa ya utawala, na ardhi, na hofu ya mtu kwa jirani yake. Lakini mzizi mmoja ulipandwa kwa jina la Biblia, tena si mbali na Ngara.

Mwisho wa mwaka 1861 Mwingereza mmoja, John Hanning Speke, alifika Karagwe akitafuta chimbuko la mto Nile, akapokewa vema na mfalme Rumanika. Mwaka 1863 alitoa kitabu cha safari yake. Katika kitabu hicho alisema kwamba Hamu, mwana wa Nuhu, alilaaniwa na baba yake awe mtumwa wa ndugu zake, na kwamba hali ya watu weusi ni ushuhuda wa laana hiyo. Tena, alipoona jamaa ya wafalme wa Karagwe na wafugaji wenye ng'ombe wengi, alidhani kwamba hao si wa nchi hii, bali ni watu bora waliotoka Ethiopia wakawashinda wakulima.

Sasa, ndugu, fungueni kitabu cha Mwanzo, mlango wa 9, mkasome wenyewe. Mungu alimbarikia Nuhu na wanawe wote, wala Hamu hakuachwa nje ya baraka. Baadaye Nuhu alilewa, na alipolevuka akatamka laana. Alimlaani nani? Si Hamu, bali Kanaani, mwana wa Hamu. Tena aliyelaani ni Nuhu; haikuandikwa kwamba Mungu alilaani. Kisha someni mlango wa 10. Hamu ana wana wanne: Kushi, na Misri, na Putu, na Kanaani. Hamtaona humo hata neno moja juu ya rangi ya ngozi, wala urefu wa mtu, wala nani afuge na nani alime. Mtaona tu ya kuwa mataifa yote ni jamaa moja. Basi mafundisho yale hayakutoka katika Andiko. Yalikuwa mawazo ya mtu, naye akayapachika Andikoni.

Tena angalieni jambo hili la ajabu. Miaka ilipopita, wataalamu wengine wa Ulaya waliligeuza neno lile. Hao waliwaita Wahamu watu wa damu iliyo karibu na ya Wazungu, waliozaliwa kutawala. Na Mwingereza C. G. Seligman aliyaeneza mawazo hayo katika kitabu chake cha mwaka 1930. Kwanza Hamu alikuwa mtumwa aliyelaaniwa. Sasa amekuwa bwana. Maandiko yalikuwa yale yale, wala herufi moja haikugeuka. Kilichogeuka ni haja ya wale waliolitumia jina lake.

Mawazo hayo hayakubaki vitabuni. Yalifundishwa katika shule, na wengine wa wale waliotuletea Injili waliyaamini pia. Katika Rwanda, miaka ya 1930, serikali ya Kibelgiji ilimwandikia kila mtu katika cheti chake kama yeye ni Mhutu au Mtutsi au Mtwa. Waliosifiwa wakajivuna, na waliodharauliwa wakaweka uchungu moyoni. Wote wawili walikula chakula cha sumu kutoka chungu kimoja.

Mwezi wa Desemba 1990 gazeti la Kangura, huko Rwanda, lilitoa amri kumi kwa Wahutu. Sisi tuliojifunza Katekisimo twajua amri kumi ni nini, na ni nani aliyezitoa. Lakini kati ya amri hizo za gazeti, moja iliwataka Wahutu waache kuwahurumia Watutsi. Tarehe 22 Novemba 1992 mwanasiasa Léon Mugesera alihutubu mbele ya watu, akanena habari ya kuwarudisha Watutsi Ethiopia kwa njia ya mto Nyabarongo. Na kwa hotuba hiyo mahakama ya Rwanda ilimhukumu kifungo cha maisha mwaka 2016. Mnaona yalikotoka maneno hayo? Neno la Ethiopia lilikuwa limeandikwa na msafiri aliyekaa Karagwe, miaka 130 nyuma. Na mto Nyabarongo ni mkono wa mto Kagera. Mwaka 1994 maji hayo yalichukua maiti nyingi, zikapita Rusumo mpakani mwa Ngara, zikafika hata ziwani. Watu waliuawa hata ndani ya makanisa, kama Nyarubuye, upande wa Rwanda. Na wengi wa waliouawa, na wengi wa waliowaua, walikuwa wamebatizwa.

Wala mtu asidhani kwamba twawalaumu watu wa kabila moja. Katika Burundi, mwaka 1972, Wahutu wengi mno, na hasa waliosoma, waliuawa na jeshi la serikali iliyokuwa mikononi mwa Watutsi. Dhambi hii haina kabila.

Basi tujifunze nini? Je, tuseme kwamba mtu asiwe na mawazo yake kabisa? La. Mtume Paulo mwenyewe alikuwa nayo. Someni 1 Wakorintho mlango wa 7. Hapo anapowaandikia habari ya ndoa, mahali pamoja asema jambo hili ni agizo la Bwana. Mahali pengine asema wazi kwamba hana agizo la Bwana, ila atoa shauri lake. Tazameni uaminifu wake! Alikuwa Mtume, na watu wangalipokea kila neno lake. Walakini hakutaka shauri lake lipite kwa jina la Bwana wake. Ikiwa Paulo alipambanua hivyo, sisi je? Mwinjilisti akiulizwa habari ya mahari, au matanga, au mavazi, au siasa ya nchi, na aseme kwanza lile lililoandikwa. Kisha, akiwa na shauri, aseme: Hili ni shauri langu, lipimeni. Kwa kusema hivyo hapunguzi heshima yake. Ampunguziaye Mungu heshima ni yule achanganyaye mambo hayo mawili.

Lakini mwenzetu mmoja atajibu: Hata ninyi mnaposoma kitabu cha Mwanzo mwasoma kwa mawazo yenu. Hakuna asomaye ila kwa macho yake mwenyewe. Basi kila fundisho ni mawazo ya mtu. Ndugu huyo asema neno lenye uzito, wala hatupendi kulipuuza. Ni kweli kwamba kila mmoja huja katika Maandiko na lugha yake, na kabila lake, na majeraha yake. Ila kuna tofauti moja kubwa. Mawazo yangu hayawezi kunikemea, kwa kuwa ni yangu. Yatakwenda po pote nitakapo. Andiko liko nje yangu. Liko mezani, na mwingine aweza kulifungua akaniambia: Mwalimu, hapa hapakuandikwa Hamu, pameandikwa Kanaani. Kijana wa kipaimara ajuaye kusoma aweza kumsahihisha msafiri mwenye sifa duniani kote. Huo ndio wema wa Mungu aliyetupa Neno lililoandikwa. Watu wa Beroya walipomsikia Paulo hawakumkataa, wala hawakupokea tu kwa kuwa msemaji ni mkubwa, walifungua vitabu wakapima, nao wakasifiwa kwa hilo (Mdo. 17).

Tukumbuke pia Luther. Tarehe 18 Aprili 1521, mbele ya Kaisari huko Worms, alisema kwamba dhamiri yake imefungwa na Neno la Mungu; lakini papo hapo alikubali kusahihishwa, kama mtu angemwonyesha kosa lake kwa Maandiko. Wengi hulikumbuka neno la kwanza, wakalisahau la pili. Na mwaka 1543 Luther huyo huyo aliandika kitabu chenye maneno mabaya sana juu ya Wayahudi, ambacho makanisa ya Kilutheri yamekikataa. Yamekikataa kwa haki, kwa kuwa Neno lililo juu ya Papa na juu ya Kaisari liko juu ya Luther pia.

Basi, wapenzi, twawapa njia tatu za kujipima. Hizi ni shauri letu, zipimeni.

Kwanza, tusome mlango wote, wala tusinyofoe aya moja kama mtu anyofoaye jani la mti. Waliosema habari ya laana ya Hamu wangalisoma aya chache nyuma, wangaliiona baraka.

Pili, tuulize: Andiko hili lanihukumu mimi kabla ya kumhukumu mwenzangu? Daudi aliposikia habari ya tajiri aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake, alimhukumu upesi, naye Nathani akamwonyesha kwamba mtu huyo ni yeye mwenyewe (2 Sam. 12). Andiko ambalo daima lamlaumu jirani, wala halitugusi sisi kamwe, yamkini hatujalisoma bado.

Tatu, tulisome mbele ya yule linayemhusu. Mtu aliyeko kambini akisoma kitabu cha Kutoka, ni haki afarijike na kumtumaini Mungu atakayemrudisha kwao. Lakini akisonga mbele na kusema, Basi jirani yangu wa kabila lile ndiye Mkanaani, huyo ameacha Andiko na kushika mawazo yake. Je, angaliweza kulifundisha hilo huku jirani huyo ameketi naye katika benchi moja, wakishika kitabu kimoja na kukiendea kikombe kimoja cha Bwana?

Na sisi wenyeji tujipime vivyo hivyo. Watu wa Ngara walipata taabu wageni walipokuja: miti ilikatwa, kuni na maji vikawa shida, na mahali pengine palikuwa na wizi. Si dhambi kuisema taabu hiyo. Lakini kusema, Wakimbizi wote ni wezi, hayo ni mawazo ya mtu. Na kuyatafutia aya ni kuongeza kosa juu ya kosa. Torati yamwamuru Mwisraeli ampende mgeni kama nafsi yake, kwa kuwa yeye naye alikuwa mgeni (Law. 19). Na Bwana wetu alipokuwa mtoto mchanga alichukuliwa usiku kukimbia upanga wa Herode. Alikimbilia wapi? Alikimbilia Misri, nchi ambayo kitabu cha Mwanzo chaitaja kuwa ya wana wa Hamu. Nyumba ambayo watu waliisema kuwa imelaaniwa ndiyo iliyompa Mwokozi mahali pa kulala.

Sasa wengi waliokaa Lukole wamerudi kwao, na wengine wako mbali. Lakini maneno yaliyowakimbiza hayajafa. Husemwa bado kwa siri, na mara nyingine husemwa na mtu mwenye Biblia kwapani. Mkiyasikia, msinyamaze, wala msigombane. Mwombeni msemaji akifungue kitabu, mkasome pamoja, polepole, mlango wote.

Bwana atupe masikio ya kulisikia Neno lake, hata linapotukataza lile tulipendalo. Amina.